Mo Amin Alianza na Magari

Wiki iliyopita nilipiga picha ya Probox. Si Probox ya maana, ni moja tu ya zile za barabara ya Namanga, imejazwa vitunguu vya Tanzania mpaka sehemu ya nyuma inakaribia kufagia lami. Ilikuwa jioni, nimesimama kando ya barabara mbele kidogo ya Isinya, jua limeshuka, na dereva akaingiza tairi za kushoto kwenye mchanga ndio apite lori. Vumbi likainuka nyuma yake likawaka kama dhahabu. Nilibonyeza mara moja tu. Mwezi mzima sikuwa nimepata picha kali kama hiyo.

Jumapili mjomba akaja kwetu Kitengela kula. Mathe akamwonyesha ile picha kwa simu, vile wazazi hufanya. Mjomba akaitazama, akarudisha simu, akasema, "Kijana yangu, hii kazi ya kupiga magari picha utaacha lini? Ulitoka chuo juu ya Probox? Ungekuwa hata unapiga picha za maana kama yule Mo Amin, ningekuelewa."

Wasee, nilinyamaza. Si kwa heshima pekee. Nilinyamaza kwa sababu mzee alikuwa amenipa jibu mkononi na hakujua. Mo Amin alianza na magari.

Sikumwambia siku hiyo, chapati zilikuwa bado moto. Nawaambia nyinyi.

Kwa wale wanajua tu jina: Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943. Familia ya Kipunjabi, baba akiwa mfanyakazi wa reli. Kazi ya reli ikawapeleka Dar es Salaam akiwa bado mtoto, na huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha kutumika. Watu wengi wakimtaja wanaruka moja kwa moja hadi Ethiopia 1984, njaa, Live Aid, ulimwengu kulia. Ni sawa, hiyo ndiyo picha iliyomfanya ajulikane. Lakini miaka mingi kabla ya hapo kulikuwa na kijana wa shule pale Dar, hana jina, hana gazeti linalomtambua, na miongoni mwa picha zake za mwanzo kuchapishwa gazetini zilikuwa za magari ya East African Safari yakipita na matope.

Na hapo lazima tuongee kuhusu Safari yenyewe, kwa sababu huku kwetu tunaipenda bila kuuliza ilitoka wapi.

Ilianza 1953 ikiitwa Coronation Safari, kusherehekea Malkia Elizabeth kuvikwa taji. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Eric Cecil, aliyekuwa kwenye chama cha magari cha wakati huo, alimshawishi binamu yake Neil Vincent aingie mashindano ya kuzunguka uwanja, na Vincent akakataa, akasema yeye hana haja ya kuzunguka mahali pamoja kama punda wa kinu. Akitaka kushindana, ataingia kwa gari, atavuka nusu ya Afrika, na wa kwanza kufika nyumbani ndiye mshindi. Wakachora njia kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yakaondoka tarehe 27 Mei.

Sasa weka hiyo tarehe kando ya nyingine. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya Oktoba 1952. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953. Hesabu mwenyewe: wiki saba kamili baadaye, wakati guka wa mtu fulani anayesoma hii posti hawezi kutoka kijijini bila kipande, walowezi wanafungua tangi wanajaza petroli waende kushindana kwa heshima ya Malkia, katika barabara zile zile. Mwafrika alikuwepo kwenye Safari ya kwanza, ndiyo. Alikuwa kando ya barabara, akitazama.

Sisemi hivi ili muichukie. Mimi mwenyewe naipenda vibaya sana. Ila ukijua hivyo, unaelewa kijana wa Kihindi wa Dar alikuwa anafanya nini pale na kamera yake. Ule haukuwa mchezo wa kwao. Hakuwa na gari la kuingia, hakuwa na klabu, na mchezo wenyewe ulikuwa wa wazungu karibu wote. Kitu kimoja kilikuwa wazi kwa kila mtu, ni barabara. Safari haikuwa na ukuta wala tiketi. Magari yalikimbia kwenye barabara za umma, zenye lori, ng'ombe, mabasi, na kijana yeyote aliyeamua kuamka mapema akasimame kwenye kona nzuri.

Na watu wa rangi nyingine wakaingia kupitia upenyo huo huo. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi aliyekulia kwenye gereji ya baba yake, akashinda 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544. Akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, akashinda mara tano: 1973, halafu 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo. Mpaka leo hakuna aliyemfikia. Patrick Njiru akaja na Subaru yake miaka ya tisini, na watoto wa mtaa wakaanza kujiita Njiru kwenye magari ya waya. Niulize mathe, atakwambia kaka yake (ndiyo, mjomba huyu huyu wa picha za maana) alikuwa na gari la waya lenye namba mlangoni.

Ugumu wake pia ulikuwa wa kweli, si wa matangazo. Kwa miaka mingi ilifanyika Pasaka, maana yake katikati ya mvua za masika. Njia ilikuwa inakaribia kilomita 5,000 au hata kuzidi, usiku na mchana. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena. Na mara zote mbili washindi walikuwa wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Ndio maana mpaka leo ukimwambia mzee wa umri fulani kwamba Peugeot ni gari la Kifaransa anakushangaa. Kwake ni gari la Kenya.

Sasa fikiria kupiga picha ya kitu kama hicho na vifaa vya wakati ule. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu na naomba mnivumilie.

Kamera aina ya Box Brownie ni sanduku. Huwezi kubadilisha mwendo wa shata, uko mmoja, na ni wa polepole. Filamu moja inakupa picha nane. Nane! Mimi nikisimama Isinya dakika kumi narudi na picha mia nne na nafuta mia tatu tisini na nane. Ukipata kamera ya maana kidogo, ya filamu ya mraba, unapewa kumi na mbili. Ile ya milimita 35 inakupa thelathini na sita na unajiona tajiri. Gari linakuja kwa kasi, shata ni nzito, kwa hivyo ukiipiga ikikatiza mbele yako unapata ukungu. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuifuata gari kwa mwili wako wote, kiuno kikizunguka pamoja nayo, ubonyeze huku bado unazunguka, gari likae makini na dunia nyuma yake iwe mistari. Ya pili ni kusimama pale linapokuja likikuelekea wewe moja kwa moja, ambapo mwendo hauonekani sana kwenye filamu, na uombe Mungu dereva aione kona.

Hiyo ya pili ndiyo imetupa zile picha zote kali za matope, gari likipasua dimbwi na maji yamefunguka kama mabawa. Mpiga picha alikuwa hapo mbele. Alijua dimbwi lina kina gani kwa sababu alikuja jana yake akapima kwa fimbo. Alijua jua litakuwa wapi. Na baada ya hapo kazi haijaisha: filamu iko mfukoni, gazeti liko mbali, na picha ya Safari ya jana ni kama ugali wa jana. Lazima ufike mjini, uingie chumba cha giza, usafishe, uchape, ubishe mlango wa mhariri ambaye hakujui.

Kwa hiyo unapoangalia maisha ya Mo Amin baadaye, kila kitu alichosifiwa nacho unakiona kimeanzia hapo. Kufika kabla ya wengine. Kujua njia. Kutoishiwa na filamu wakati wa jambo lenyewe. Kupeleka picha kwa mhariri kabla ya mwenzako hajapata hata usafiri. Mimi nasema vita havikumfundisha hayo. Magari ndiyo yalimfundisha. Mnaweza kunipinga, lakini leteni hoja.

Mwaka 1963, akiwa hana hata miaka ishirini na moja, alianzisha kampuni yake Dar es Salaam, Camerapix. Soma hiyo sentensi tena. Hakungoja kuajiriwa. Na kampuni hiyo ikawa ndiyo mwenye picha. Si gazeti la London, si shirika la habari. Aliuza picha na filamu kwa kila mtu, BBC, Reuters na wengine, na mzigo ukabaki nyumbani. Leo Camerapix iko Nairobi, mwanawe Salim Amin ndiye anayeiendesha, na ghala lake lina mamilioni ya picha za Afrika. Maelfu yake yamewekwa intaneti kupitia Google Arts & Culture, unaweza kuyaona bure ukiwa kwa matatu ya 110 umekwama Athi River.

Mimi hiyo sehemu ya kumiliki inaniuma, na nitawaambia kwa nini.

Kuna picha yangu moja ya Land Cruiser ya zamani ikipanda kilima huko nyuma ya Il Bissil, wakati wa raundi ya mashindano ya kitaifa ya rally. Niliipiga nikiwa na njaa, nimekopa lenzi ya rafiki, nimepanda nduthi kwa pesa ambazo zilikuwa za kodi. Niliiweka mtandaoni bila jina juu yake, kwa sababu nilidhani jina linaharibu picha. Miezi miwili baadaye nikaikuta kwenye bango kubwa la duka moja la vipuri, futi labda kumi na tano, imekatwa vizuri kabisa, na namba ya simu yao imekaa pale nilipokuwa nimeacha anga. Niliingia ndani kuuliza. Kijana wa kaunta akaniambia, kwa upole kabisa, "Si ulipost mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa hata na faili asili. Simu niliyokuwa nayo wakati huo iliibiwa stejini na sikuwa nimehifadhi kokote. Yaani mwenye duka alikuwa na nakala bora ya picha yangu kuliko mimi. Nilipiga picha ya bango na simu mpya nikaenda nyumbani.

Kwa hiyo nikisoma kwamba kijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, mwaka 1963, bila kompyuta, bila hela, aliamua picha zake zitabaki kuwa zake, sioni hiyo kama kitu kidogo cha ofisini. Naona ni nusu ya kipaji chenyewe.

Sehemu inayofuata mnaijua au mnaweza kuitafuta, nitapita mbio. Januari 1964 akawa Zanzibar kwenye mapinduzi. Mwaka 1966 akakamatwa huko huko Zanzibar, akafungwa karibu mwezi mzima na kuteswa, kisha akaondolewa Tanzania. Akarudi Nairobi akaanza upya. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya akapigwa risasi mbele ya duka la dawa pale Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, na Mo akafika na kamera kabla ya karibu kila mtu. Filamu hiyo ilimpa tuzo kubwa ya wapiga picha wa televisheni Uingereza. Akapiga Uganda ya Idi Amin. Akapiga Hija ya Makka, akatoa kitabu 1978. Oktoba 1984 akaingia Korem, Ethiopia, na Michael Buerk wa BBC, na kilichofuata ni yale yote ya Bob Geldof, nyimbo za msaada, na tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985. Mwaka 1991, Addis Ababa, ghala la silaha likalipuka. Mwenzake wa sauti, John Mathai, akafa. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia na akarudi kazini.

Lakini nataka kurudi Kajiado, kwa sababu kuna kitu kwenye picha za Safari ambacho kinanisumbua, na hata Mo hawezi kunisaidia nacho.

Miaka Tanzania na Uganda zilipotoka kwenye njia, katikati ya sabini, Safari ikabaki ya Kenya pekee, na Kajiado ikawa moja ya nyuso zake. Angalia picha hizo, ziko nyingi, za wapiga picha wa hapa na wa Ulaya. Gari linapaa, vumbi jekundu, mti wa mgunga, labda Kilimanjaro kwa mbali. Na upande mmoja, amesimama mtu mwenye shuka na fimbo. Karibu kila mara yupo. Chini ya picha utasoma jina la dereva, jina la msaidizi wake, aina ya gari, mwaka, wakati mwingine hata aina ya tairi. Yule mtu wa shuka hana jina. Ni kama mgunga.

Na si bahati mbaya kwamba yuko pale. Mpiga picha alimtaka. Gari hilo hilo bila yeye lingeweza kuwa Ugiriki au Australia. Yeye ndiye anayesema hii ni Afrika, hii ni Safari. Kampuni za magari ziliuza Datsun na Peugeot duniani kwa picha kama hizo. Kwa hivyo kazi aliifanya. Malipo na jina ndivyo alivyokosa. Bango langu la vipuri nikililinganisha na hilo naona aibu kulialia.

Kuna mzee mmoja karibu na Isinya ambaye huwa nakaa naye nikingoja jua lishuke. Ana mbuzi na ana maneno machache. Siku moja nikamwonyesha kwa simu picha za zamani za Safari, nikitarajia atazame magari. Hakutazama magari. Alikuwa anakuza ile picha kwa vidole viwili, anatafuta watu wa nyuma. "Huyu ameshika mkuki vibaya," akasema. "Wamemwambia ashike hivyo."

Halafu akanieleza kwamba yeye mwenyewe, akiwa kijana mdogo wa kuchunga, alisimamishwa hivyo. Gari lilikuwa limeharibika, wenyewe wako chini yake, na mzungu mwenye kamera mbili shingoni akamwita asogee karibu na mlango. Akasogea. Akakumbuka taa nyingi mbele ya gari, akakumbuka joto la bati kwenye mguu wake. Akapewa peremende. "Nilingoja anipe na ile picha," akasema. "Sikujua picha inachelewa namna hiyo."

Wasee, nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Nikienda nyumbani jioni hiyo haikuwa inachekesha tena. Inawezekana kabisa kwamba kwa kabati fulani, Ujerumani au Japan au Nairobi hapa, mzee yuko na miaka kumi na mbili, amesimama kando ya gari lenye taa sita, ameganda, na hakuna aliye hai anayejua ni yeye isipokuwa yeye.

Mtu ataniambia kwamba huo ndio ulikuwa wakati, kwamba gazeti lilitaka dereva. Najua. Na kwa upande wa maneno pia ilikuwa hivyo hivyo: walioandika magari vizuri hapa Kenya, kuanzia kina Gavin Bennett hadi J.M. Baraza tuliyekuwa tukimsoma kwenye Daily Nation akiwajibu watu kama wanunue Subaru ama Premio, waliandika gari na dereva, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa safu yao. Siwalaumu. Lakini mimi nimezaliwa huku kwa wale wa nyuma ya picha. Kitengela yote hii, maghorofa, maduka ya simu, magereji ya Noonkopir, ilikuwa malisho majuzi tu, kabla EPZ ya Athi River kuanza kuvuta watu miaka ya tisini. Barabara ya Namanga ilipojengwa upya, ploti zikafuata lami kama nzi. Miaka kumi kutoka sasa mtu atatafuta picha ya namna barabara hii ilivyokuwa, nani alikuwa anaendesha nini, nani alikuwa anauza maji ya baridi kwenye matuta. Atapata nini? Atapata picha za magari mapya yaliyooshwa, yameegeshwa mbele ya ukuta wenye taa za rangi. Tunazipiga sisi. Nazipiga pia, zinalipa kodi.

Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia Juni 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na sasa makao ni Naivasha. Mwaka 2024 wakairudisha Pasaka. Nimeenda. Ni nzuri, ni kelele, kila mtu ana simu juu. Simu nyingi zikielekea mahali pamoja, unapata picha elfu moja za gari moja. Nilijikuta nimegeuka nimeipa barabara mgongo, napiga wale waliokuja kutazama. Askari akaniuliza kama niko sawa.

Mo Amin alikufa tarehe 23 Novemba 1996. Ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961 kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Comoro. Waliokuwemo 175, waliokufa 125, pamoja naye na rafiki yake mwandishi Brian Tetley, aliyekuwa ameandika kitabu kuhusu maisha yake. Walionusurika walisimulia kwamba Mo hakukaa kitini. Alisimama, akawa anakabiliana na watekaji. Miaka hamsini na mitatu. Mjomba ana hamsini na sita.

Jumapili hii mjomba anakuja tena, amesema mathe apike githeri. Nimechapisha ile Probox kubwa, kwa karatasi, kwa yule jamaa wa picha za pasipoti pale stejini, mia mbili. Nyuma yake nimeandika tarehe, mahali, na jina la dereva. Ndiyo, nilimtafuta. Nilingoja Isinya siku tatu mpaka akapita tena, nikamsimamisha, akadhani mimi ni trafiki wa kiraia, akaanza kutafuta kitu mfukoni. Nilipomwambia nataka jina lake tu, akaniuliza mara mbili, "La nini?"

Nakala ya pili ni ya mzee wa mbuzi. Hayumo kwenye picha hiyo, lakini nimepiga nyingine yake, amekaa chini ya mgunga, fimbo ameshika anavyoshika mwenyewe, na gari linapita nyuma yake likiwa ukungu mtupu. Sijamtaja hapa kwa sababu hajaniambia nimtaje. Nitamuuliza Jumamosi nikimpelekea.

Kama kwenu kuna picha ya zamani ya Safari, Kajiado, Namanga, Magadi, popote huku, kwenye albamu ya shosh au nyuma ya fremu ya harusi, usiipige tu na simu ukanitumia. Keti kwanza na mwenye albamu. Muulize yule wa nyuma ni nani.